Jino la Kupimia Mpunga

Ifakara, 5 Novemba 1911

Kwa mtani wangu Fridolin, mtoto wa mjomba,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku tu wazima. Shangazi yako, mama yangu, anakusalimu, na anauliza kama huko Daressalam wino unauzwa kwa tone. Kandida amenifikia begani, anapepeta kuliko wanawake wazima. Mto bado umelala, watu wanaandaa mashamba. Jirani zangu wote wanakusalimu, hata wale usiowapenda.

Hii ni barua yangu ya tatu. Ya kwanza uliijibu kwa mistari mitano, ya pili hukuijibu kabisa. Hata mizani mbovu haipunji hivyo.

Sasa shida yangu. Kazi yangu unaijua. Sikuachiwa na baba wala na mume, nilianza na ungo mmoja wa kuazima, leo nina ghala Mlabani na mitumbwi miwili. Wanunuzi wa Kilosa wanakuja kwangu kwa sababu moja: mpunga wangu hauozi njiani. Na hauozi kwa kuwa nauuliza kwanza. Punje iliyokauka ukiing'ata hulia "ka". Ambayo haijakauka hunyamaza. Naing'ata kwa gego la chini la kulia, maana ya kushoto aliyachukua askari kwa kitako cha bunduki mwaka ule wa vita.

Basi hilo gego linaniua. Shavu limevimba kama nimeficha embe. Msimu uliopita nilishindwa kung'ata, nikapimia meno ya mbele, na Donati wa Sanje akanishindilia mpunga mbichi magunia kumi na mawili. Ukaota ukungu kabla haujafika Kilosa. Sasa anatembea akisema, "Mama Kandida siku hizi ananunua kwa macho." Msimu mwingine wa namna hiyo na wanunuzi watapita mlangoni kwangu kama wanapita kaburini.

Antoni mhunzi yuko tayari na koleo lake. Akiling'oa, maumivu yataisha na kazi yangu itaisha. Wewe unafanya kazi kwa daktari wa meno. Nipe jawabu la maana.

Balbina

---

Daressalam, 10 Desemba 1911

Mtani wangu Balbina, tajiri wa Mlabani,

Milele amina. Mistari mitano ile ilikuwa mizito, lakini sawa, leo nitakujaza. Apolonia amejifungua mtoto wa kiume. Tumemwita Hilari. Ana kichwa kama changu, kwa hiyo umshukuru Mungu kwamba hukuolewa na mimi kama bibi alivyotaka. Msalimu shangazi, mwambie wino upo, ni mkono uliochoka kuchemsha vyuma.

Ndiyo kazi yangu hapa: nachemsha vyuma, nachanganya dawa, nashika taa, nashika na wagonjwa wanaotaka kukimbia. Nimemweleza daktari habari ya gego lako. Amesema Antoni aweke koleo lake chini.

Sikiliza. Gego la chini lina mizizi miwili, na ndani ya mizizi hiyo zimo njia tatu, nyembamba kama ufumwele. Ndani ya njia hizo ndimo uozo ulimojificha. Daktari anatoboa jino kwa juu, anachokonoa kwa sindano yenye miiba. Lakini sindano haifiki kila pembe. Kwa hiyo anachukua bomba dogo na kusukuma maji ya dawa mpaka chini kabisa. Maji hayo ndiyo kila kitu. Yanakwenda ambako chuma hakifiki, na yakirudi yanarudi na uchafu. Halafu anaziba.

Njoo, mtani. Ukishapata maji haya ya dawa, hudhuriki tena na chochote.

Fridolin

---

Ifakara, 28 Januari 1912

Fridolin,

Tumsifu Yesu Kristo. Hongera kwa mtoto, na pole kwa kichwa. Mama anaumwa miguu. Mto umepanda, mitumbwi yangu inavusha watu mpaka jua kuzama. Kisima cha nyuma kimefurika, tunateka kwa kuinama tu.

Barua yako nimeisoma mpaka mstari wa mwisho, nikaikunja, nikaiweka chini ya gunia.

Maneno hayo umeyaokota wapi? Mimi nimewahi kuyasikia. Yalikuja katika kibuyu, na aliyeyabeba alikuwa na sauti nzuri kuliko yako. Tuliambiwa vivyo hivyo, hatudhuriki na chochote. Tukapakwa, tukanyweshwa. Baba Kandida alinyweshwa mara mbili kwa sababu alikuwa mrefu. Wakaenda boma la Mahenge, na boma la Mahenge lilikuwa na bombom, bunduki ya kumwaga risasi. Kutoka kijijini petu walikwenda arobaini na mmoja. Waliorudi uliwaona, ulipokuja baada ya vita ukatukuta tunakula mizizi.

Kwa hiyo unisamehe, sinyweshwi tena kitu na mtu mwenye ahadi.

Tena nina swali la hesabu. Mizizi miwili, njia tatu. Nani aliyepewa ya ziada, na kwa nini? Na daktari wako anatoza kwa jino, kwa mzizi au kwa njia? Hapo hukunijibu.

Antoni nimemwambia arudi baada ya Pasaka.

Balbina

---

Daressalam, 20 Februari 1912

Mtani,

Milele amina. Pole kwa miguu ya shangazi, asugue mafuta ya nyonyo. Hilari anakua, anacheka na ukuta.

Kuhusu ile ahadi, kalamu yangu iliteleza. Naifuta. Hutapewa ahadi.

Lakini kuna jambo nimeligundua. Nimezitandaza barua zako zote mezani, hata za mwaka juzi, nikazisoma kama karani wa boma. Kisima chako kinafurika, lakini husemi kinafurika nini. Mnateka, husemi mnateka nini. Majirani umewaita "jirani zangu wote". Uliponiomba majibu, uliomba "jawabu". Balbina, unaishi katika bonde ambalo nusu ya mwaka kambare wanapita chini ya kitanda, na neno lenyewe hujaliandika hata mara moja. Ukiwa na kiu unamwambiaje Kandida?

Haya, na hesabu yako: mzizi wa mbele ndio uliopewa njia mbili. Kwa nini, muulize aliyeumba. Na daktari anatoza kwa jino.

Usiogope tena. Mambo yenyewe ni ya kawaida. Hilo jino limeshakufa, ila halijaoshwa wala kuzikwa, ndiyo maana linakusumbua. Sisi tunaosha maiti, tunaziba kaburi, basi. Wewe Mkristo mzima unakataaje maiti wako aoshwe?

Fridolin

---

Daressalam, 14 Aprili 1912

Balbina,

Sijapata barua yako. Tarishi wa Kilosa amekuja mara mbili na mfuko wake hauna chako. Nikajiambia ni mafuriko. Nikajiambia tena.

Juzi nilimsimulia Apolonia utani niliokuandikia. Alikuwa anachambua mchele. Akaacha, akaniangalia, akaniuliza, "Baba Kandida alioshwa na nani?" Akaendelea kuchambua, na siku ile wali wangu ulikuwa na mawe.

Sitaandika zaidi juu ya hilo, isipokuwa kwamba utani nao una mpaka, na mimi niliuvuka nikiwa nacheka.

Raimundi mpagazi anakuja Mahenge na mizigo ya misheni, atapita kwako. Nimempa kichupa cheusi, kimefungwa kwa kitambaa. Usikiweke juani, dawa hiyo inachoka. Usiinywe wala usiipake popote. Hata daktari haimezeshi kwa mtu, inaingia jinoni, inatoka, inatemwa.

Mimi usiniamini. Daktari usimwamini. Wewe ni mtu wa kupima, ipime.

Fridolin

---

Ifakara, 26 Mei 1912

Kwa Fridolin,

Tumsifu Yesu Kristo. Miguu ya mama ni afadhali, hayo mafuta yamesaidia, ingawa sasa ananuka kama taa. Kandida ameng'oka jino la mwisho la utoto, amelitupa juu ya paa, nikamwonea wivu. Mto ulikula njia mwezi mzima. Tarishi alikwama upande wa Kidatu. Hiyo ndiyo sababu ya kuchelewa kwa barua yangu. Sababu nyingine unayo tayari, Apolonia amekupa. Mwambie mwanamke huyo namsalimu kuliko ninavyokusalimu wewe.

Raimundi alifika. Kichupa nimekipima.

Nilichukua vikombe viwili. Katika kila kimoja nikaweka kipande cha nyama ya kuku, chembamba, sawa kwa sawa. Kikombe cha kwanza nikatia cha chupa yako. Cha pili nikatia cha kisimani. Mama akauliza kama napika au naroga. Nikamwambia nafanya biashara.

Kile cha kwanza kilitoa povu dogo, kwa utulivu, bila makelele. Kulipokucha nyama ilikuwa imebaki kama uzi, jioni haikuwepo. Kile cha pili nyama ilivimba, ikanuka, paka mwenyewe aliikataa. Nikarudia siku ya pili kwa samaki, nisije nikasema kuku alikuwa na kasoro. Ikawa vilevile.

Fridolin, mwaka ule tulikuwa watu wengi, wenye akili, wenye mashamba. Hakuna aliyeweka vikombe viwili. Kuku mmoja tu, na risasi moja, vingetosha.

Basi kitu chako kinafanya kazi, na hakinijui, hakinipendi, hakinitakii mema. Hicho naweza kukiamini.

Limebaki swali moja, na hili usilijibu kwa utani. Unasema jino limekufa. Mkishalisafisha na kuliziba, litakuwa limekufa moja kwa moja. Je, jino lililokufa litasikia mpunga? Kama halitasikia, mtakuwa mmenipa jiwe zuri mdomoni, na Antoni angeweza kunifanyia bure. Sisafiri bila jawabu la hilo. Wanunuzi wa Kilosa wanashuka Agosti.

Balbina

---

Daressalam, 13 Juni 1912

Mtani wangu,

Milele amina. Apolonia amesomewa salamu zake mara tatu, na wali hauna mawe tena.

Swali lako nilimpelekea daktari vilevile ulivyoliandika. Alicheka, halafu akaacha kucheka, akang'ata ncha ya kalamu yake pande zote mbili akiwa amefumba macho. Amesema hivi: kilichokufa ni mshipa wa ndani, ule wa baridi na moto na wa kilio. Lakini jino halikupandwa kwenye taya kama msumari kwenye mti. Limezungukwa na ngozi nyembamba inayolishika, na ngozi hiyo iko hai. Hiyo ndiyo inayosikia kama ulichong'ata ni kigumu au laini. Mlio wenyewe unausikia kwa mfupa wa taya. Kwa hiyo jino ni mlango tu, anayesikiliza yuko nyuma ya mlango.

Nikamuuliza: una hakika? Akasema ana hakika kwa mkate. Kwa mpunga hajawahi kujaribu. Nakuandikia hivyo hivyo alivyosema, maana nimekwisha kufuta ahadi.

Amekubali kukutibu kwa gunia moja la mchele, mradi uwe umepimwa na wewe. Nikamwambia hilo gunia atalingoja mpaka jino lipone. Akakubali tena. Njoo na watu wa msafara mpaka Kilosa, halafu panda gari la moshi. Ukae upande wa dirisha, macho uyafumbe kidogo, cheche zinaruka.

Fridolin

---

Ifakara, 8 Septemba 1912

Kwa mtani wangu Fridolin, na Apolonia, na Hilari mwenye kichwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimefika salama. Mama mzima. Kandida aliendesha ghala nilipokuwa kwenu, na amepata faida kuliko mimi, nimemwambia asizoee. Kabla sijasahau: kwenu mnakula samaki wa chumvi kama adhabu. Mje huku mle samaki.

Nimesimulia habari za kiti kile mpaka nimechoka. Nawaambia walivyonifunika mdomo kwa kitambaa cha mpira chenye tundu, jino likachungulia peke yake kama pua ya kiboko mtoni. Mpira, Fridolin. Zamani tuliutafuta porini kulipia kodi, tukausindikiza kwa laana. Kumbe ulikwenda kutafuta njia ya kurudi mdomoni mwangu. Nawaambia pia kwamba msaidizi wa daktari alinishika kichwa huku akisali kwa sauti, hata daktari akamuuliza nani mgonjwa. Wanapenda hapo.

Lipo nisilowasimulia. Daktari aliposukuma mara ya kwanza, kilichorudi kilikuwa cheusi. Mara ya pili cha kijivu. Akaendelea taratibu, hana haraka, kama mtu anayeosha kitu chake mwenyewe. Macho nilikuwa nimeyafumba. Nilikuwa namwosha wangu pia, kichwani mwangu, kuanzia miguuni, na alikuwa mrefu kwa hiyo ilichukua muda. Uliponinong'oneza "sasa inatoka safi", nilikuwa nimefika usoni. Mlipoziba nilikuwa nimemaliza. Ulidhani nalia kwa maumivu ukanipa kitambaa. Kitambaa ninacho, sitakirudisha. Tusilizungumze tena.

Sasa la Donati.

Alikuja siku ya pili ya ununuzi, wanunuzi wa Kilosa wamekaa pale pale, na magunia yake manane. Habari za safari yangu zilikwisha kumfikia. Akasema kwa sauti ya watu wote, "Mama Kandida, nasikia una jino la marehemu. Marehemu anasikia?"

Nikamwambia, "Lete, tumuulize."

Watu wakasogea. Hata mimi sikuwa najua, mtani. Tangu kwenu mpaka huku nilikuwa nimeng'ata uji na ndizi tu, kwa woga. Nikachukua punje ya juu ya gunia, nikaiweka penyewe, nikang'ata. "Ka." Niliusikia hadi sikioni. Donati akatabasamu, akaanza kufunga gunia.

Nikamwambia, "Ngoja." Nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, nikatoa punje ya chini. Nikang'ata. Kimya. Nikatoa nyingine. Kimya, laini, kama kung'ata ukucha wa mtoto. Nilikuwa nasikia ule ukimya vizuri kuliko nilivyowahi kuusikia.

Miaka yote hii nimekuwa nawaambia "haujakauka", "una unyevu", "una baridi". Siku ile sijui ilikuwaje, mdomo ulikuwa mwepesi. Nikamwambia, "Donati, mpunga wako una maji."

Mama alikuwa anafagia, akasimama. Bibi Margareta, jirani yetu, akatua kapu lake chini. Donati hakubishania mpunga, alibishania neno. Akaniuliza, "Umesema nini?"

"Nimesema una maji. Nenda kauanike."

Akaenda kuuanika. Jumatatu akaurudisha, nikaingiza mkono mpaka chini, ukalia, nikaununua. Magunia yote manane. Wanunuzi wa Kilosa wameacha kupima, wanauliza tu kama gunia limepita kwenye gego.

Gunia la daktari analileta Raimundi. Mwambie nimeling'ata mwenyewe, juu, katikati na chini.

Basi, majirani wote wanakusalimu. Mvua zikianza maji yatafika mlangoni kama kawaida, kwa hiyo andika mapema. Nasubiri majibu, na yakiwa mistari mitano, Antoni bado ana koleo.

Mtani wako,
Balbina